Senta anayedaka, kwotabeki asiyekimbia: nafasi za wachezaji katika mpira wa vibendera

Wapo mashabiki wachache huku kwetu ambao kila Februari hukesha wakisubiri Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya Marekani, ianze saa nane na nusu usiku, na wanaamini mpira wa Kimarekani wanaujua. Kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, wanamjua. Yale majitu ya mstari wa mbele wanayajua. Wanajua kwamba mtu akikumbatiwa na kubwagwa chini, filimbi imelia. Kisha wakasikia kwamba Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na flagi futiboli, yaani mpira wa Kimarekani wa kuchomoana vibendera, wakafungua video moja mtandaoni na kubaki wameduwaa. Majitu hayapo. Kofia ngumu hazipo. Senta, yule anayeutoa mpira chini, anatimka mbele kudaka pasi, na kwotabeki mwenye uwazi mpana mbele yake amesimama tu, hakimbii. Wale ambao NFL hawajawahi kuitazama nao wana swali lao: mbona unaitwa futiboli na hakuna anayeupiga mpira kwa mguu?

Tuanze na hao wa pili, maana jibu lao ni fupi. Kweli hakuna. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, IFAF, hakuna mpira wa kuanzia unaopigwa kwa mguu, hakuna penalti wala mkwaju wa aina yoyote. Timu inapewa mpira kwenye yadi 5 kutoka mstari wake wa goli, inaanza safari kwa mikono na inamaliza kwa mikono.

Hao wa kwanza ndio wenye kazi, kwa sababu kinachowachanganya ni majina. Kwotabeki, senta, risiva, konabeki, sefti: yote yametoka kwenye mchezo wa kugongana. Mpira wa vibendera uliyachukua majina hayo ukaacha kugongana nyuma, na ukishaondoa kugongana, karibu kila kazi inabadilika. Anayekuja na picha ya NFL kichwani atamtafuta mtu asiyekuwepo na hatamwona yule anayefanya kazi kubwa.

Kwanza uwanja na kanuni

Mchezo utakaoonekana Los Angeles ni wa watu watano kwa watano. Uwanja wa kuchezea una urefu wa yadi 50 na upana wa yadi 25, na kila mwisho kuna eneo la kufungia lenye yadi 10. Kwa mita, jumla ni kama 64 kwa 23. Ukiuchora ndani ya uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 utachukua karibu moja ya tano tu, na upana wake unazidi kidogo nusu ya upana wa boksi la penalti. Yashike vizuri haya, kwa sababu ufinyu huo ndio unaotawala mengi yanayofuata.

Kila mchezaji anavaa mkanda wenye vibendera viwili, kimoja kila nyonga. Mwenye mpira akichomolewa kimoja, jaribio hilo limeisha na mpira unawekwa pale alipochomolewa. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kuvuka mstari wa katikati. Ikivuka, inapata mengine manne ya kufunga. Ikishindwa, wapinzani wanachukua. Kufunga, yaani tachidauni, ni pointi 6, na baada yake mfungaji anachagua nyongeza: pointi 1 kutokea yadi 5 au pointi 2 kutokea yadi 10. Vipindi ni viwili vya dakika 20.

Kuna kanuni mbili ambazo mgeni huzisahau. Mpira ukigusa ardhi umekufa. Hakuna kugombania mpira ulioanguka, hakuna lundo la watu juu yake. Na hakuna kumzuia mtu kwa mwili, si kwa bega, si kwa kifua, si kwa kujifanya umesimama njiani kwa bahati mbaya. Ukishaondoa kumzuia mtu kwa mwili, wale wanaume wa kilo 140 wa mstari wa mbele hawana ajira tena. Wameondoka, na nafasi zao zimeondoka nao.

Nafasi si sheria

Waliocheza netiboli shuleni wanakumbuka herufi kifuani. Ukivaa ya mlinda goli huendi kufunga, na ukikanyaga eneo lisilo lako mwamuzi anapuliza. Mpira wa vibendera uko mbali na huko. Wote watano wanaoshambulia wanaruhusiwa kudaka pasi. Yeyote anaweza kupanga foleni popote nyuma ya mstari wa kuanzia, yaani pale mpira ulipowekwa, almuradi kuna mmoja wa kuutoa mpira chini na mmoja wa kuupokea. Aliyekuwa risiva, yaani mdakaji, sasa hivi anaweza kuwa kwotabeki jaribio linalofuata, na timu nzuri hufanya hivyo makusudi ili kuwavuruga walinzi.

Kwa hiyo mtu akisema “mimi ni senta”, anakueleza anaposimama kabla mpira haujaanza. Atakayoyafanya sekunde mbili baadaye ni habari nyingine.

Kwotabeki

Huyu ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta na kuamua uende kwa nani. Mpaka hapo ni kama NFL. Tofauti inaanzia miguuni: kwa kanuni za kimataifa, aliyeupokea mpira kutoka kwa senta haruhusiwi kuuvusha mstari wa kuanzia kwa mbio zake mwenyewe. Aurushe, au amkabidhi mwenzake. Ndiyo sababu unamwona ameganda na uwazi uko wazi mbele yake. Si woga. Ligi nyingine za burudani huko Marekani zina kanuni zao kuhusu hili, na video za mtandaoni huzichanganya zote pamoja, ndipo watu wanapobishana bila mwisho kwenye maoni.

Upande wa pili, hana ukuta wa kumlinda. Mlinzi anayeitwa blitza anajipanga yadi 7 kutoka mstari wa kuanzia, na mpira ukitoka tu anamvamia kwotabeki moja kwa moja. Hakuna anayeruhusiwa kumziba njia. Tuseme kwotabeki amesimama yadi 5 nyuma ya mstari: blitza ana yadi 12 za kukimbia, kama mita 11. Mtu mwenye kasi anazimaliza kwa takriban sekunde mbili. Katika ligi za vijana za NFL Flag kuna hata saa ya sekunde 7, ikiisha hujarusha, jaribio limekwenda. Dhidi ya blitza mzuri, hiyo saba ni ndoto.

Sasa tazama kinachofanyika ndani ya sekunde hizo mbili. Risiva anakimbia yadi 5 mbele, anakata ghafla kuelekea mstari wa pembeni. Kwotabeki akisubiri amwone uso ndipo arushe, amechelewa, konabeki, mlinzi wa pembeni, ameshafika. Mpira lazima umtoke mkononi wakati risiva bado amempa mgongo, uende mahali ambapo hakuna mtu, na risiva akigeuka aukute pale. Kurusha namna hiyo kunataka imani, na imani hiyo inatoka kwenye mazoezi ya kurudia njia ileile na mtu yuleyule hadi ichoshe.

Ndiyo maana naona wanaomsifu kwotabeki kwa nguvu za mkono wanasifu kitu kisicho na kazi. Uwanja mzima wa kuchezea una yadi 50. Mkono wa kurusha yadi 60 hapa ni mali isiyo na soko. Kinachotakiwa ni mpira mlaini unaompita konabeki juu ya vidole na kushuka kabla sefti, mlinzi wa nyuma kabisa, hajafika, na uwezo wa kurusha kutoka pembe tofauti, juu, ubavuni, hata karibu na kiuno, kwa sababu blitza anakuja ameinua mikono yote miwili. Kingine ni kusoma walinzi kabla mpira haujatoka: wanakaba mtu au wanakaba eneo? Nani amesimama karibu mno? Nani anajifanya yuko mbali?

Vanita Krouch aliiongoza timu ya wanawake ya Marekani kutwaa ubingwa wa dunia mjini Lahti, Finland, Agosti 2024, akiwa kwotabeki aliyevuka miaka 40. Ni mwalimu wa michezo huko Texas na chuoni alicheza mpira wa kikapu. Diana Flores wa Mexico alikuwa kwotabeki pale timu yake ilipoipiga Marekani 39–6 kwenye fainali ya Michezo ya Dunia, Birmingham, Alabama, mwaka 2022. Hakuna kati yao anayetisha kwa umbo. Kinachowaweka pale ni kichwa na muda.

Senta

Kama kuna nafasi moja inayoonyesha mchezo ulivyobadilika, ni hii. Katika NFL senta ni mmoja wa wale wazito. Anautoa mpira, kisha anapigana na mtu wa uzito wake hadi filimbi. Msimu mzima unaweza kuisha hajadaka pasi hata moja, na kanuni zenyewe kwa kawaida haziruhusu. Katika mpira wa vibendera senta anautoa mpira na papo hapo anageuka mdakaji.

Tena ni mdakaji mwenye bahati. Blitza akishaondoka kumfuata kwotabeki, pale katikati, karibu na mstari wa kuanzia, panabaki pakavu. Walinzi wanne waliobaki wanawafuata marisiva walioenda mbali. Senta anapiga hatua tatu nne, anageuka, anadaka pasi fupi, na mara timu imepata yadi 6. Si mchezo unaowekwa kwenye video za kusisimua, ila timu inayoupata kila inapouhitaji haikwami katikati ya uwanja.

Lakini kabla ya kudaka ana kazi nyingine ambayo hakuna anayemshukuru nayo. Mpira anaoutoa ukienda chini au ukimpita kwotabeki ukagusa nyasi, mchezo umekufa palepale na jaribio moja kati ya manne limepotea. Kwenye NFL kwotabeki angeinama akauokota. Hapa haokoti kitu. Kwa hiyo senta lazima autoe kwa urefu uleule na kasi ileile, mvua au jua, huku akili yake tayari iko kwenye njia atakayokimbia. Makocha wa timu changa humweka hapo mchezaji mzito kwa mazoea ya kuangalia televisheni. Wanapoteza mdakaji mmoja kati ya watano.

Risiva

Marisiva kwa kawaida ni wawili au watatu. Wanaitwa wadakaji, lakini kudaka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukimbia njia waliyopangiwa kwa namna inayomdanganya mlinzi. Kasi inasaidia. Kufunga breki kunasaidia zaidi. Uwanja una upana wa mita 23, na mtu mwenye kasi asiyejua kusimama atajikuta nje ya mstari kabla mpira haujafika. Risiva hodari anakimbia kana kwamba anaenda mwisho wa dunia, anakita mguu wa nje, anashusha kiuno, na hatua ya pili anaelekea upande mwingine wakati mlinzi bado anarudi nyuma.

Akishadaka, ndipo unapoanza mchezo ambao huku kwetu tunauelewa bila mwalimu: kupiga chenga. Mlinzi hamtafuti kifuani, anatafuta kibendera kinachoning’inia nyongani. Basi kinachopigwa chenga ni nyonga. Mwangalie mtu anayejua. Mlinzi ananyoosha mkono wa kulia kuelekea kibendera cha kushoto. Mwenye mpira anaivuta nyonga hiyo ndani kama anayepita mlango mwembamba, bega linabaki mbele, kibendera kinarudi nyuma ya mgongo kwa nusu sekunde, vidole vinapita hewani. Anaruhusiwa pia kujizungusha mzima. Asichoruhusiwa ni kukilinda kibendera kwa mkono, kuupiga mkono wa mlinzi, au kuuweka mpira juu ya nyonga kama ngao. Hilo ni kosa, na yadi alizozipata baada ya hapo hazihesabiki.

Hapo ndipo wanaotoka mpira wa kugongana, na raga pia, wanapoumia. Miaka yote wamefundishwa kumsukuma mkabaji kwa kiganja. Mkono unanyooka wenyewe kabla akili haijasema neno, na mwamuzi anatupa kitambaa chake. Kuruka juu ya mkabaji na kujirusha mbele kutafuta yadi ya mwisho navyo si ruhusa. Kuiondoa tabia hiyo kunachukua muda kuliko kujifunza njia zote za kukimbia.

Raningibeki nimwache kwa maneno machache. Ni yule anayesimama karibu na kwotabeki na kukabidhiwa mpira mkononi ili akimbie nao. Yupo, lakini timu nyingi haziweki mtu wa kudumu, wanamtumia risiva yeyote. Tena kanuni nyingi, zikiwemo za NFL Flag, zina sehemu za yadi 5 kabla ya mstari wa katikati na kabla ya eneo la kufungia ambamo kukimbia na mpira hakuruhusiwi, lazima pasi. Ilifanywa hivyo ili watu wasirundikane na kugongana karibu na goli. Kwa raningibeki ina maana kwamba pale mahali patamu pa kufunga anageuka risiva.

Upande wa kukaba

Walinzi nao ni watano, na hapa ndipo mashabiki wengi huacha kuangalia. Ni hasara yao.

Blitza tumeshamgusa. Kwa kawaida ni mmoja, mara chache wawili. Anainua mkono kabla ya mpira kutoka, mwamuzi anamwona, na kuanzia hapo ana haki ya njia. Watu wanadhani kazi yake ni kumchomoa kwotabeki. Akifanikiwa ni vizuri, jaribio linaishia nyuma ya mstari. Ila mara nyingi hafiki kwa wakati, na hilo halina neno. Kazi yake kubwa ni kuharakisha. Anamlazimisha kwotabeki arushe kabla hajawa tayari, anamsukumia upande wa mkono wake dhaifu, anaziba kwa mikono aliyoinua ile njia ya pasi ya katikati. Na yote hayo bila kumgusa mkono wa kurushia, kwa sababu akiugusa ni kosa. Anayekimbia moja kwa moja kama risasi anapigwa chenga moja na kupita kando. Anayejua anakuja kwa pembe, na mita mbili za mwisho anapunguza mwendo, anachezesha miguu.

Waliobaki wanne wanakaba kwa njia mbili, na ukizielewa hizo umeelewa karibu ulinzi wote. Chukua mfano wa walinzi wa kuajiriwa. Yupo mlinzi wa mtu, ambaye bosi akienda sokoni anaenda, bosi akiingia msikitini anasubiri nje. Yupo mlinzi wa geti, ambaye hamfuati mtu, anaangalia nani anaingia kwake. Kukaba mtu kwa mtu ni wa kwanza: risiva huyu ni wako, popote aendapo. Kukaba eneo ni wa pili: kipande hiki cha uwanja ni chako, yeyote akiingia unamchukua, akitoka unamwachia mwenzako. Mtu kwa mtu kunataka miguu. Eneo kunataka macho na mdomo, maana wasiozungumza wanaachiana mtu katikati, kila mmoja akidhani mwingine amemchukua. Timu nzuri zinaanza mchezo zikionekana zinakaba kwa njia moja na mpira ukitoka zinahamia nyingine.

Konabeki ni wale wawili wa pembeni. Katika NFL konabeki anaruhusiwa kumpiga risiva kifua ndani ya yadi 5 za kwanza ili kumharibia mwendo. Hapa silaha hiyo amenyang’anywa. Anarudi nyuma kinyumenyume, nyonga zimeshuka, na risiva akikata lazima ageuze kiuno bila kupoteza hatua, na bila kumshika jezi. Naona hii ndiyo nafasi ngumu kuliko zote uwanjani, ngumu kuliko hata ya kwotabeki, kwa sababu kila uamuzi wake unamfuata mwenzake. Risiva anajua anakokwenda, konabeki hajui.

Sefti anakaa nyuma ya wote. Kwenye uwanja mkubwa sefti aliyekosea hatua moja anaweza kusaidiwa na wenzake kumi. Hapa akipitwa hakuna mtu, ni tachidauni. Kwa hiyo sefti mzuri ni mvumilivu, hakimbilii kila chenga, anamsoma kwotabeki mabega na macho. Zawadi yake ni kunasa pasi: mlinzi akiudaka mpira wa wapinzani anaruhusiwa kukimbia nao, na kwenye uwanja mfupi kiasi hiki safari ya kwenda kufunga si ndefu. Kati yake na blitza kuna mlinzi wa kati, ambaye jina lake hubadilika kutoka timu hadi timu, na maisha yake yote ni kumtafuta yule senta tuliyemzungumzia.

Kisha kuna ujuzi ambao wote watano lazima wawe nao, na ambao unaonekana rahisi mpaka ujaribu: kuchomoa kibendera. Anayeanza anamtazama mwenye mpira usoni, anadanganywa na kichwa, anarusha mkono, anashika hewa. Mwingine anajirusha mzima kama wa raga, anatua chini, na mtu amekwenda. Anayejua anakimbia kwa kasi hadi hatua chache kabla ya kufika, kisha anazifanya hatua kuwa fupi fupi, magoti yamekunjwa, macho kwenye kiuno. Kiuno hakidanganyi kama kichwa na mabega. Halafu anachagua upande mmoja, anamziba njia ya kwenda katikati ili amsogeze kwenye mstari wa pembeni, anachomoa kile kilicho karibu. Walinzi wawili wakifika pamoja, kila mmoja achukue nyonga yake. Wakienda wote upande mmoja, wanamfungulia mlango.

Kikosi cha watu 10

Kwa Olimpiki, timu zitakuwa sita za wanaume na sita za wanawake, na kila timu itasajili wachezaji 10. Hesabu hiyo inabana. Watano wa kushambulia na watano wa kukaba, hakuna akiba. Mtu akivuta msuli wa paja asubuhi, mchana yupo anayecheza pande mbili. Kwa hiyo kocha anayechagua kikosi hatafuti tu konabeki bora. Anatafuta konabeki anayeweza pia kuwa risiva wa tatu, na senta anayeweza kusimama mlinzi wa kati. Mtaalamu wa jambo moja tu ana nafasi finyu, labda awe kwotabeki.

Na hapa tunafika kwenye ubishi unaowasha moto mitandaoni. Mei 2025 wamiliki wa klabu za NFL walipiga kura kuruhusu wachezaji wao wajaribu bahati ya kwenda Olimpiki, kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba klabu moja haiwezi kutoa zaidi ya mchezaji mmoja kwa timu moja ya taifa. Mashabiki wengi wakafunga mjadala: wanakuja nyota, dhahabu imekwisha. Mwaka 2024, miezi kadhaa kabla ya kura hiyo, Darrell Doucette, kwotabeki wa Marekani aliyetwaa ubingwa Lahti, alikwisha kulalamika hadharani kwamba ni kuwavunjia heshima kudhani nyota wa NFL wataingia tu kikosini kwa majina yao, na akajiona bora kuliko Patrick Mahomes, kwotabeki nyota wa NFL, katika mchezo huu kwa kuujua zaidi. Alichekwa sana. Kwa maoni yangu hakustahili kuchekwa kiasi kile. Mahomes ni mrushaji wa ajabu, lakini silaha yake mojawapo ni kukimbia na mpira pale mambo yanapoharibika, na hiyo hapa haipo.

Dhana ya pili inasema huu ni mchezo wa watoto, au wa wanawake, kwa kuwa hakuna kugongana. Ni kweli watoto wengi wa Marekani huanzia hapa, na ni kweli unakua haraka kwa wasichana: California iliuidhinisha mwaka 2023 kuwa mchezo rasmi wa wasichana wa sekondari. Hilo halimfanyi konabeki aliyetajwa hapo juu apumzike. Wengine wanadhani hakuna majeraha. Hakuna kubwagana, sawa, lakini watu wawili wanaoutazama mpira uleule angani hawaonani, na vidole vinavyochomoa vibendera hunasa kwenye nguo na mikanda. Misuli ya nyuma ya paja nayo haijui kwamba mchezo huu ni wa amani.

Afrika Mashariki haiko mbali kabisa na haya. Daniel Adongo, Mkenya aliyetokea kwenye raga, aliingia Indianapolis Colts, klabu ya NFL, mwaka 2013, na mwaka 2023 NFL ilifanya kambi ya vijana Nairobi. Mchezaji wa raga ya saba kwa saba ana miguu na pumzi ya kuwa konabeki au blitza tangu siku ya kwanza, akishaufundisha mkono wake usisukume. Dada wa netiboli aliyezoea kudaka mpira wa kasi hewani na kutua kwa mguu mmoja ana mikono ya risiva na breki za risiva. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kukimbia baada ya kudaka, maana netiboli ilimfundisha kusimama.

Kwotabeki ndiye asiyepatikana kwa mkato. Hakuna mchezo wetu unaofundisha kuurusha mpira wenye umbo la yai kwa kuuzungusha, huku mtu anakuja mbio akiwa na sekunde mbili za kukufikia. Ukitaka kuiona nafasi hii kwa macho mapya mashindano yakianza, usiufuate mpira. Mpira ukishamfikia kwotabeki, mhesabie blitza sekunde mbili, kisha tazama senta ameenda wapi.